Mwanangu, Uongo Ule Ulikuwa Wangu

Sesilia, mwanangu,

Shikamoo uliyonipa asubuhi ya leo niliipokea, na marahaba nilikujibu. Lakini ndani ya karatasi hii usiniamkie. Leo mimi ndiye niliyekaa chini, wewe umekaa juu, na ukifika mwisho utaona kwa nini.

Usishangae kupewa barua na mtu unayelala naye nyumba moja. Umeshuka misheni kuagana na wenzako, nami nimepata nafasi mchana huu. Nimekaa kibarazani, ubao wa kukatia mboga ndio meza yangu, wino nimeomba kwa Sista. Mwandiko huu usiucheke. Mimi niliingia darasa la misheni nikiwa mama wa watoto wawili, nikakaa benchi moja na vitoto vyenye kamasi, na baada ya miaka miwili nikawashinda wote. Sista mwenyewe alisema mlima huu hauna mwanamke mwingine anayenyoosha herufi kama mimi. Sijisifu, nakueleza alivyosema.

Ningekwambia kwa mdomo, ila mdomo wangu unaujua. Nikianza jambo zito naishia kwenye kabichi zangu. Ndivyo nilivyokufanyia Jumapili iliyopita.

Ya safari sikuandikii. Mzigo ufungwe vipi, maji ya njiani uyachemshe, treni ikisimama Ngerengere usishuke kutazama watu, hayo nimesema mara kumi na mara kumi umenijibu ndiyo mama. Wala sikuandikii unavyonifurahisha, ingawa hapo ningejaza karatasi tatu. Msichana wa kwanza wa upande huu wa mlima kuchaguliwa kwenda pwani, kufundishwa kazi ya uuguzi na kuzalisha katika hospitali ya masista. Nimewatangazia watu tangu huku juu mpaka Mzinga. Jirani yetu Mama Salumu ameniambia, "Shoga, tumesikia. Mwache mtoto aende kabla hujammaliza kwa sifa." Nikamwambia hata nusu hajasikia.

Basi turudi Jumapili.

Nilimchinja yule jogoo mwekundu kwa ajili yako. Ukala ugali matonge mawili na mchuzi, nyama ukairudisha chunguni, ukadhani sikuoni. Nilikuwa nakuona tangu zamani. Jumatatu huli, unasema tumbo halitaki. Jumatano huli. Ijumaa hata maji unayanywa kwa kujificha. Gauni uliloshonewa Pasaka linakuning'inia, mifupa ya mabega imetokeza, na siku moja kabla ya hapo ulipopanda na mtungi kutoka mtoni ulipumzika mara mbili, wewe ambaye ulikuwa ukipanda huku unaimba. Ndipo nikakuuliza una nini. Ukasema, wala hukulia:

"Mama, mimi ndiye niliyemwambia Padri kuwa dada yuko Matombo. Nimemwahidi Mungu sitashiba mpaka nife."

Nami nikakujibu nini? Nikakwambia ule, kesho navuna zile kabichi kubwa. Kabichi, Sesilia. Mtoto amenifungulia moyo wake miaka kumi na miwili umefungwa, mimi namjibu kabichi.

Sikufanya hivyo kwa kuwa sikukusikia. Nilikusikia neno kwa neno. Lakini nilijua kuwa nikikujibu neno moja la kweli, itanibidi nikujibu yote, na hayo yote hakuna anayeyajua isipokuwa mimi, mjomba wako na Sista kidogo, na tangu Jumamosi, Padri. Sasa sikiliza.

Dada yako Tekla alipovunja ungo, mimi nilikuwa na miaka mitatu tangu nibatizwe. Baba yenu alikuwa ameshaondoka na wapagazi wa Wadachi kwenda bara, na hakurudi. Nyumba ilikuwa mikononi mwangu na mwa kaka yangu, mjomba wenu Mloka, maana kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama na mjomba ndiye mwenye neno. Padri alikuwa ametukusanya kina mama akasema desturi ya kumweka mwali ndani haikatazi, tuwafunde binti zetu, lakini iwe kwa wiki chache tu, kisha watoke waje kusali na kusoma, maana wengine wanakaa gizani miaka na wanatoka dhaifu. Mimi ndiye niliyesimama wa kwanza kusema ndiyo, Padri. Unanijua. Pakiwa na kusimama mbele ya watu, mimi sibaki nimekaa.

Wiki hiyohiyo tukakutana mtoni na Mama Salumu. Binti yake ndiyo kwanza alikuwa ametolewa, baada ya miaka miwili ndani, mnene, mweupe kama ndizi iliyomenywa, na ngoma yake ilikuwa imelia siku tatu. Wanawake wakamsifu weee. Naye akanitazama akasema, "Wenzetu wa misheni hawana mwali, wana vitabu. Binti zao wameungua jua kama wapagazi. Nani atawaoa?" Watu wakacheka, hata Wakristo wenzangu wakacheka. Ulikuwa utani tu. Leo ndiye rafiki yangu kuliko wote, na kuku wa safari yako ametoka kwake. Lakini siku ile mimi sikucheka. Nilipanda na mtungi wangu kichwani, nikifikiri kuwa binti yake amekaa miwili, basi wangu atakaa minne.

Jioni ile Tekla aliingia chumba cha ndani, kile kisichokuwa na dirisha.

Usidhani nilimtesa kwa kumchukia. Nilimlisha kuliko nilivyojilisha mwenyewe. Uji wa ulezi, ndizi, ugali kwa ufuta, kuku kila alipopatikana. Hakugusa jembe, hakubeba kuni, hakutoka ila kabla ya mapambazuko akiwa amefunikwa nguo gubigubi. Kila mwezi nilikuwa nikimmulika kwa kijinga cha moto nione rangi imefika wapi, kama mtu anayefunua chungu. Na nikiona ameng'aa, nilifurahi. Sitakudanganya tena katika maisha yangu, kwa hiyo nasema nilifurahi sana.

Ila kanisani Tekla haonekani. Nikawaambia watu amekwenda Matombo kwa shangazi yake. Nikajua Padri akiona maneno ya mtu mzima hayatoshi atawauliza watoto, maana ndiyo tabia yake. Ndipo nikakukalisha wewe. Ulikuwa na miaka sita, meno ya mbele yametoka yote mawili. Nikakusemesha mara tatu, "Dada yuko Matombo kwa shangazi," mpaka ukaweza bila kukosea, nikakupa kipande cha muwa. Siku ya mafundisho akakuuliza, ukamwambia. Hilo unalikumbuka. Hilo umelibeba mpaka limekula nyama ya mabega yako.

Usilolijua ni hili. Padri hakukuamini hata kidogo. Aliniambia mwenyewe, "Mtoto wako alisema huku anaangalia vidole vya miguu yake." Siku ya tatu alipanda mpaka hapa kwa fimbo yake, jasho linamtoka, wewe umekwenda kuokota kuni na mjomba wako. Alisimama hapahapa ninapoandika. Kati yake na Tekla palikuwa na ukuta wa udongo, unene wake kama kiganja cha mkono. Akaniuliza, "Magdalena, Tekla yuko wapi?"

Nilikuwa na rozari shingoni. Nikaishika, Sesilia. Sikuiachia. Nikasema, "Yuko Matombo, Padri."

Akanitazama mpaka nikatamani aniguse kwa ile fimbo. Akasema, "Haya. Mungu anajua Matombo ni wapi." Akashuka zake.

Na Tekla ndani alikuwa anasikia kila neno. Hakuita, hakukohoa, maana mwali hatoi sauti mbele ya mgeni wa kiume, na ni mimi niliyemfunda hivyo.

Sasa umeona. Maneno yako hayakufika popote. Yaliishia palepale, kwa mtoto kibogoyo anayetazama vidole vya miguu. Yaliyomfunga dada yako ni yangu, ya mwanamke mzima mwenye rozari mkononi.

Mwaka wa pili ulipokwisha mjomba wako alikuja akasema, "Dada, imetosha. Mtoto apate hewa." Nikamwambia anataka ukoo wetu uchekwe na wa Mama Salumu. Nikamtajia mababu mmoja mmoja mpaka akashika kichwa akaondoka. Mloka ni mtu mpole, nami kwa maneno sijashindwa na mtu mlima huu. Laiti ningeshindwa mara ile moja.

Mwaka wa tatu Tekla akaanza kusema miguu inamuuma, ndani ya mfupa, na nyonga. Nikasema ni unene. Nikawa namkanda kwa mafuta ya mbarika. Siku moja nikimkanda akaniambia taratibu, kama mtu anayeomba chumvi, "Mama, nitoe nikae juani kidogo tu. Mlangoni tu." Nikamwambia avumilie, siku atakayotoka mlima wote utamjua.

Hapo ndipo unapoingia tena wewe, na hapa hujawahi kunisimulia, nadhani umesahau. Ulikuwa na miaka minane. Ulitafuta kijiti ukatoboa ukuta wa chumba kile upande wa mashariki. Tundu la kuingiza kidole. Niliingia asubuhi nikamkuta Tekla ameupokea ule mwanga kwenye kiganja, anaugeuzageuza mkono wake, amekwenda mbali kwa mawazo. Kesho yake nikamkuta ameuwekea shavu. Nikaona atapata doa usoni, nikaziba kwa udongo. Ukatoboa tena. Nikaziba tena. Ulipotoboa mara ya tatu nilikuchapa kwa fito, ukakimbilia kwa mjomba ukalala huko, na tundu nikaliziba kwa jiwe.

Uongo nilikufundisha mimi, ndio unaoukumbuka. Tundu hukufundishwa na mtu, ndilo umelisahau. Katika nyumba hii palikuwa na mtu mmoja aliyempa Tekla jua, na mtu huyo alikuwa na miaka minane.

Siku ya kumtoa ikafika. Hiyo unaikumbuka, ulicheza mpaka ukalala kwenye mikeka. Pombe niliipika mwenyewe, na hakuna aliyewahi kunipita kwa pombe, ingawa leo siigusi. Tekla akavishwa shanga na nguo nyeupe, mjomba wenu akamtoa amembeba mabegani kama desturi yetu inavyotaka. Watu wakapiga vigelegele. Alikuwa mweupe, mnono, amefumba macho kwa sababu ya mwanga, na wao wakadhani ni adabu. Mama Salumu akanijia mbele ya wote akanishika mikono akasema, "Shoga, umenishinda." Nililia kwa furaha.

Kila mwali hubebwa, kwa hiyo hakuna aliyejiuliza kwa nini huyu amebebwa. Mimi peke yangu ndiye niliyejua. Alfajiri ile alikuwa amejaribu kutembea kutoka mkekani mpaka mlangoni, hatua tano, na alizimaliza kwa kushika ukuta. Walipomkalisha katikati ya watu hakuinuka tena. Wanawake wakasema, tazameni alivyofundwa, ana haya huyu. Nami nikazipokea hizo sifa, zote, nikazikunja nikaweka kifuani. Furaha ile ilidumu mpaka ngoma ziliporudishwa kwa wenyewe. Kesho yake asubuhi nyumba ilikuwa kimya, na nilikuwa na binti mbichi anayetembea kama bibi kizee.

Aliolewa huko Kinole, unamkumbuka shemeji yako, mtu mwema. Kule alikuwa nje, akaanza kupata nafuu, akawa anakwenda shambani kwa mkongojo. Halafu akashika mimba.

Uchungu ulipomshika niliitwa, wewe nikakuacha kwa Mama Salumu. Siku ya kwanza Mloka akasema akimbie misheni amwite Sista, mambo hayo anayajua. Nikasema tusubiri kidogo. Jioni akasema tena, nikasema mimba ya kwanza huchelewa. Mwanangu, sikuwa nasubiri mtoto. Nilikuwa naogopa Sista atafunua nguo aione miguu ile, aulize ilikuwa wapi miaka minne. Siku ya pili nikazuia tena. Kati ya uchungu na uchungu Tekla akafumbua macho akaniuliza, "Sesilia umemwacha na nani? Amekula?" Nikasema amekula. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyosema yenye akili timamu, baada ya hapo alikuwa akiita tu.

Alfajiri ya siku ya tatu Mloka aliondoka bila kuniaga. Sista akafika mchana, viatu vimejaa tope. Akampapasa nyonga, akampapasa miguu, akainua uso akauliza, "Huyu alifungwa wapi?" Nikamwambia, "Kwangu." Hilo lilikuwa neno langu la kwanza la kweli tangu siku ile ya mtoni. Mtoto alikuwa ameshafia tumboni. Tekla alimfuata kabla ya jua kuzama. Baadaye Sista alinieleza kwamba mwili ule ulikuwa na njaa ya jua, mifupa ikawa laini, ikapinda, na njia ya mtoto ikabana. Chakula changu chote kile hakikuweza kuziba nafasi ya jua. Waombolezaji wakasema ni amri ya Mungu, nami nikawaacha waseme hivyo, miaka yote hii.

Unakumbuka nilivyokaa baada ya msiba. Niliingia chumba kilekile, nikalala mkeka uleule. Nilikuwa sili. Nilidhani ndiyo toba. Nilidhani nikikauka taratibu Mungu ataona nimelipa. Wewe ulikuwa unaniletea uji nao unapoa kando yangu, ukiwa na miaka kumi na mmoja, na sikufikiri kuwa unatazama na kujifunza. Labda ulijifunzia hapo. Kama ndivyo, na hilo pia liweke juu yangu.

Aliyenitoa ni Sista, na hakunitoa kwa mahubiri. Alikuja na jembe. Akasema kabichi za misheni zinakauka na watu wake wana homa, niende nikamsaidie. Nilimchukia. Nililima nikilia, machozi na jasho havijulikani, jua linanichoma mgongo, jua lilelile. Baada ya siku kadhaa nikashikwa na njaa, njaa ya kweli ya mtu aliyefanya kazi, nikala maharage mabakuli mawili nikiona haya. Nikalala usiku mzima. Nikawa naamka kwa kengele, naoga, nashuka kwa Misa kwa miguu yangu, napanda, nalima. Pombe niliiacha bila kuapa, niliona tu inanifanya nichelewe kuamka. Na asubuhi moja tukiimba kanisani nikajigundua naimba kwa sauti ya juu. Nikashtuka. Nikamfuata Sista baada ya Misa nikamwambia nimefurahi kidogo, na mtu kama mimi hastahili. Nilidhani atanipa neno zito. Akacheka, akaniambia kesho niimbe taratibu, nawapoteza wenzangu.

Furaha hiyo ndiyo niliyo nayo mpaka leo. Haifanani na ile ya ngoma. Huja ndogo, asubuhi, kama umande, nami naiomba tena kesho yake, na haijaacha kuja hata wakati wa masika nikiwa na magoti yanayouma. Nasali nikiwa nimesimama kati ya matuta yangu, nakunywa maji niliyoyachemsha, nakula mchicha nilioupanda, nalala. Haina cha kutangaza. Hata mimi nimeshindwa kuitangaza, na wewe unanijua. Tekla bado namlilia humohumo. Sijui vinakaaje pamoja, ila vinakaa.

Ulipovunja ungo wewe, sikukuweka ndani hata wiki. Nilikufunda huku shambani, jembe mkononi, mwezi mmoja tukiwa wawili kwenye matuta. Walinicheka. Wakasema Magdalena amechoka, hana tena nguvu za ngoma. Nikawaacha wacheke, na katika vitu vyote ninavyojisifia, huo mwezi ndio ninaoona nina haki ya kujisifia. Ulitoka mweusi, imara, unabeba mtungi bila kushika. Nilikuwa nakutazama unashuka bondeni, nasema, huyu basi amepona.

Kumbe hukupona. Nilikataa kukufungia chumbani, ukajifungia mwenyewe ndani ya mwili wako, na kufuli ni lile neno nililokufundisha kwa kipande cha muwa.

Jumamosi nilishuka kuungama. Ni Padri yuleyule, ndevu zimekuwa nyeupe. Nilimwambia yote, ya Matombo, ya rozari, ya siku mbili za Kinole. Aliniondolea dhambi, kisha akasema, "Kwa Mungu yamekwisha. Lakini anayejinyima chakula si mimi. Kamwambie mwenyewe." Nikamuuliza juu ya ahadi yako. Akasema ahadi uliyoiweka kwa kujihukumu kosa la mtu mwingine haikufungi, funga Ijumaa kama Wakristo wote, na ukitaka kuyasikia kwa masikio yako, atakuwa kanisani kesho asubuhi kabla hatujaenda kwenye treni.

Na Sista naye ana neno. Ameniambia mganga wa hospitali ile humpima kila msichana anayefika, na akikuta aliye kama unyasi humrudisha kwao. Si kwa ukali. Mwanamke anayejifungua hushika shingo ya anayemhudumia kwa nguvu zake zote. Ukiwa hivyo ulivyo mtaanguka wote wawili. Unakwenda kule kwa ajili ya Tekla, hilo sihitaji kuambiwa. Basi wako huko kina Tekla wengi, wameletwa siku ya tatu na mama zao walioona haya. Wanahitaji mikono yenye nyama. Wewe ndiye utakayewaambia mama hao neno bila kuwaaibisha, maana utakuwa umeshawahi kumjua mmoja.

Sikuombi unisamehe leo. Barua ya saa moja haiwezi kubeba miaka kumi na miwili. Labda utakasirika njia nzima mpaka pwani, labda zaidi ya hapo. Kasirika, una haki, na ukipata wino niandikie hasira hizo, nitazisoma kila mstari, nami kusoma najua. Ila usinitolee hasira kwa kutokula. Hiyo itanipata mimi kidogo, na itakupata wewe yote.

Nasikia Mama Salumu anakusalimia kule njiani, kwa hiyo unapanda. Nitakupa karatasi hizi mkononi, nitaingia jikoni. Soma hapa nje, mwanga bado upo. Ukitaka kupiga kelele, piga, majirani wasikie, nimechoka kusitiriwa. Ukimaliza, nawa mikono uingie. Nimeepua ugali, nyama ya kuku imeiva, leo si Ijumaa. Nimepakua sahani mbili, nami sitatia tonge kinywani kabla yako.

Ni mimi mama yako,
Magdalena